Walichukua choo cha mjukuu wangu, majibu yako wapi?

Mhariri,

Mimi ni muuza dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Mjukuu wangu alipata matone ya chanjo ya rota, kirusi kinachoharisha watoto, mara zote mbili, wiki ya sita na wiki ya kumi, kadi ninayo. Hata hivyo mwaka jana aliharisha siku tatu mfululizo, macho yakaingia ndani, utosi ukabonyea. Jirani akasema ni meno ya plastiki, yale meno machanga ya kwenye ufizi ambayo watu hudai ndiyo huharisha, apelekwe akang'olewe. Mwingine akasema chanjo zenyewe ni maji tu.

Tulimkimbiza hospitali. Usiku kucha nilimnywesha ORS, ile dawa ya maji ya chumvi na sukari, kwa kijiko cha chai. Akitapika nangoja kidogo, naanza tena. Zinki tuliendelea nayo nyumbani mpaka siku kumi zikatimia. Alipona, namshukuru Mungu.

Kule wodini alikuja kijana na kichupa, akaomba choo cha mtoto cha kufanyia utafiti. Mama yake akatia sahihi, mimi nikakichota kwenye nepi kwa mkono wangu. Mpaka leo hatujaambiwa kilionekana nini.

Aliyenifumbua macho ni muuguzi wa zamu. Kumbe virusi vya kuharisha watoto ni vingi: kuna rota, noro, adeno, astro. Hiyo rota peke yake ina aina nyingi, kwa sababu vinasaba vyake vimegawanyika vipande 11, na aina mbili zikimwingia mtoto mmoja kwa wakati mmoja huweza kubadilishana vipande, ikazaliwa nyingine. Chanjo iliyoanza kutolewa nchini 2013 ni ya rota, na hasa humkinga mtoto asizidiwe. Noro haiihusu kabisa.

Laiti ningeyajua hayo siku ile jirani anasema chanjo ni maji! Mkwewe hajampeleka mwanawe matone ya pili. Kila nikimsihi ananijibu, "Bibi, mbona wa kwako alichanjwa na akaharisha?" Linaniuma sana hili, maana mtoto wangu ndiye amekuwa kisingizio.

Naomba watafiti waliochukua vichupa vyetu warudi watuambie kwa Kiswahili walikuta virusi gani, na vingapi kati ya hivyo chanjo inavizuia. Wasitafute ukumbi. Siku ya kliniki kina mama tunakuwa kwenye mabenchi kuanzia saa mbili asubuhi, na huyo mkwe wa jirani nitamleta mwenyewe.

Bibi, muuza dagaa,
Kirumba, Mwanza