Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mhuri Wako, Mchoro wa Nani?

Wanachama wenzangu, habari za kazi. Hesabu za ada mtazikuta kwa mhazini, ziko sawa, sitazirudia hapa. Mimi nataka niongelee jambo ambalo mwaka mzima limeibuka kila tulipokaa, yaani injinia akishakuwa mwandamizi kwenye hii sekta yetu ya uendelezaji ardhi anabaki na kazi gani hasa.

Njia tunaijua wote. Unaanza na kontua, ile mistari ya mwinuko wa ardhi, unapiga hesabu za kukata na kujaza udongo, unashinda saiti unabishana na mkandarasi kuhusu kushindilia, unapewa mradi, halafu ukishaiva kabisa ndo wanakutoa kwenye michoro wanakupeleka vikaoni, klaenti, tenda, bajeti, kufuatilia vibali. Mshahara umepanda sawa, ila mhuri wa kuidhinisha mchoro bado ni wako na mchoro unaougongea umechorwa na kijana ambaye wiki nzima hujakaa naye hata nusu saa.

Kwenye vikao vyetu vya kupitia michoro uliletwa mmoja wa viwanja, msafi, programu haijalalamika popote, mpaka mkongwe mmoja akauliza, jamani mbona kwenye hii chemba, hapa mabomba yanapokutana, bomba la kutoka liko juu kuliko la kuingia? Kimya. Kumbe barabara ilishushwa, kijana akarekebisha levo za mabomba upande mmoja, upande wa pili ukabaki na za zamani. Wala sio mzembe yule, hakuwa na wa kumkagua tu.

Au chukua maji ya mvua. Hekta 10, mvua milimita 60 kwa saa, kukiwa bado shamba tukatumia kigawo 0.3, yaani sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama ardhini, tunapata mita za ujazo 0.5 kwa sekunde, ukishaweka mapaa na lami kigawo kikafika 0.7 inakuwa kama 1.17, zaidi ya mara mbili, na hapo sijagusa kwamba maji sasa yanafika chini haraka kuliko mwanzo kwa hiyo hata mvua ya kupigia hesabu inabidi iwe kali zaidi. Mtu aliyekaa na hizi hesabu miaka mingi akitupia jicho bwawa la kuzuia maji anakwambia hili dogo, kabla hata hujawasha kompyuta. Huyo ndo tunamjazia kalenda vikao!

Kuna wanaosema asiyetaka umeneja amezeeka vibaya. Sikubaliani nao. Kamati inapendekeza waajiri wawe na ngazi mbili, ya uongozi na ya kitaalamu, na mishahara ilingane, maana bila hivyo kila mwenye watoto wa kusomesha atakimbilia umeneja. Na wakongwe wenyewe ni wachache, ule mtikisiko wa uchumi wa 2008 ulipoporomosha ujenzi wa nyumba Marekani na kwingine vijana wengi walihama fani na wengine hawakurudi tena, leo ndo wangekuwa wanagonga mihuri.

Mwakani vikao vinaendelea. Mnaokaribia kustaafu njooni hata bila mchoro, na mnaoandika mikataba wekeni masaa ya ukaguzi humo humo, yasiwe ya hisani. Wanaotaka kuingia kamati ya ukaguzi wampe katibu majina kabla ya mkutano mkuu, na tafadhali usitoe jina halafu ukawa hupokei simu.