Mkono uliopooza upewe kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wanaouguza wagonjwa wa kiharusi nyumbani, na pia na wanaowaruhusu wagonjwa hao kutoka wodini.

Seli za ubongo zilizokufa kwa kukosa damu hazifufuki. Hata hivyo, kuinua kikombe si kazi ya sehemu moja ya ubongo, bali ya mtandao wa sehemu nyingi zinazowasiliana, na ndiyo maana jeraha la upande mmoja huvuruga hata mawasiliano na upande wa pili. Mtandao huo hujipanga upya, zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo, na hujipanga kwa kufuata kazi unayopewa. Mwaka 1996 mtafiti wa ubongo Randolph Nudo na wenzake, nchini Marekani, walionyesha kwamba tumbili waliopata jeraha la ubongo kama la kiharusi, kisha wakazoezwa kuokota chakula kwa mkono ulioathirika hawakupoteza zaidi eneo la ubongo linalouongoza mkono huo, ilhali kwa wale walioachwa bila mazoezi eneo hilo lilizidi kupungua.

Sasa tazama tunavyouguza. Mgonjwa analishwa, anavalishwa, anafungwa vifungo, na mkono dhaifu unalazwa juu ya mto mchana kutwa. Ni huruma ya kweli, lakini inaunyima ubongo kazi wakati ule ule unapoihitaji. Shangazi yangu alisaidika pale mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipomwekea ungo wa mchele mapajani, akamtaka aokote chuya kwa mkono wa kushoto tu. Alichukua muda mrefu kupata punje moja, nasi tulikatazwa kumsaidia.

Sisemi mgonjwa achoshwe: utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa kuanza kumwinua na kumtembeza mara nyingi ndani ya saa 24 za kwanza kunaweza kumpunguzia nafasi ya kupona vizuri. Kiasi na wakati wa kuanza vipangwe na wataalamu.

Ninachoomba hakihitaji mashine. Kabla mgonjwa hajaruhusiwa, ndugu atakayemuuguza afundishwe mazoezi pale pale kitandani, ayafanye mbele ya muuguzi au mtaalamu, na aondoke na maelezo ya Kiswahili pamoja na tarehe ya kurudi. Familia nyingi huondoka na dawa za shinikizo la damu, ambazo ni za lazima, bila neno lolote kuhusu mkono.

Msomaji wako,
Dar es Salaam