Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi Zanzibar: tupatieni karakana inayoelea

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Mimi ni fundi wa injini za meli, mkaazi wa Malindi, Unguja. Nakuomba jambo moja: Zanzibar ipate meli yake ya matengenezo, yaani karakana inayoelea ya kutengenezea meli nyingine.

Naomba washauri wako waisome historia ya USS Vestal ya jeshi la majini la Marekani. Ilishushwa majini mwaka 1908 kubeba makaa ya mawe, na 1913 ikageuzwa karakana. Tarehe 7 Disemba 1941, Wajapani waliposhambulia bandari ya Pearl Harbor kule Hawaii, ilikuwa imefungwa ubavuni mwa manowari Arizona. Vestal ikapigwa mabomu mawili. Arizona iliporipuka, nahodha wa Vestal, Cassin Young, alirushwa baharini. Akaogelea, akapanda tena, akafuta amri ya kuihama meli, akaitoa pale na kuipweleza kwa makusudi isizame. Mabaharia wake wakaitengeneza kwa mikono yao.

Mwaka uliofuata ikawa Pasifiki ya Kusini. Enterprise, meli ya kubeba ndege, ilipopigwa mwezi wa Oktoba 1942, ilikimbilia bandari ya Nouméa, Kaledonia Mpya. Mafundi wa Vestal wakaingia kazini, na vita vilipoita kabla kazi haijesha, wakaondoka nayo huku wakiendelea kuchomelea njiani. Karakana ilimfuata mgonjwa alipo, Mheshimiwa, na hilo ndilo sisi hatuna.

Na bandari yetu imeshaonja. Tarehe 20 Septemba 1914, manowari Pegasus ya Waingereza ilikutwa hapa hapa Unguja injini zikiwa zimefunguliwa, haiwezi kung'oa nanga. Königsberg ya Wajerumani ikaipiga ikazama. Makaburi ya mabaharia wake yapo kisiwa cha Chapwani.

Leo hatuna vita, lakini mkondo wa Nungwi ni ule ule. Rafadha, yaani panga la kusukumia meli, ikipinda meli iko Mkoani, Pemba, abiria wamejaa gatini na magunia yao ya karafuu, fundi afanye nini bila winchi, bila kerezo (mashine ya kuchonga chuma), bila mpiga mbizi?

Siombi meli ya kifahari. Tishari moja lenye winchi, kerezo, mitungi ya kuchomelea na wapiga mbizi wawili watatu, lifunge Malindi na liweze kuvutwa hadi Mkoani na Wete. Vijana wanaohitimu Taasisi ya Karume pale Mbweni wapewe humo mafunzo ya kazi. Chelezo kikubwa, pa kupandishia meli nchi kavu, kinaweza kusubiri, hili lisisubiri. Naomba liingie kwenye bajeti ijayo ya Wizara yako.

Wako mtiifu,
Fundi wa meli, Malindi