Nichoree chui, duma na mondo

Liwale,
Oktoba

Ndugu yangu Shaibu,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, mama anakusalimu na bado anauliza pweza mkavu uliyemwahidi. Nimekaa kimya tangu arobaini ya babu, najua, na hilo tutalizungumza tukionana. Barua hii naiandika mbio kwa sababu kondakta wa basi la alfajiri ndiye atakayekuletea. Nataka unichoree bango.

Wamemuua mondo, yule paka-mwitu wa madoa, Shaibu. Kuku wa Bi Fatu walikuwa wanapungua tangu mwezi uliopita, leo mmoja, keshokutwa mwingine. Jumanne asubuhi vijana wakatoka na mbwa na mapanga, wakamkuta kwenye majani marefu kando ya bonde la mpunga. Nilipofika alikuwa amelazwa juu ya gunia pale kijiweni, watu wamejaa, watoto wanapiga kelele: mtoto wa chui, mtoto wa chui! Nikainama nikamgeuza. Miguu mirefu, mkia mfupi wenye pete nyeusi, haufiki hata kwenye kifundo cha mguu. Masikio makubwa, nyuma meusi, na kila moja lina doa jeupe katikati kama jicho la pili. Shingoni madoa yameungana yamekuwa mistari. Nikapapasa tumbo. Chuchu zilikuwa zimejaa. Nilibonyeza moja, maziwa yakatoka, na hapo nikawauliza: mtoto gani wa chui anayenyonyesha? Walinyamaza kidogo, kisha mmoja akasema labda ni chui wa mbegu fupi.

Kilichofuata ndicho kinachoninyima usingizi. Imeenea kwamba mtoto ameuawa, basi mama yake yuko njiani kulipiza. Msimu ndio huu, korosho zinaanguka, na unajua watu wa huku wanavyolala shambani kulinda. Sasa Somoe na wanawe wameacha dungu lao, wezi wamezoa korosho zao usiku wa kwanza tu. Na kuna mtu, simtaji, ametia sumu kwenye matumbo ya mbuzi akayatupa njia ya kisimani. Amekufa mbwa wa Mzee Chande, yule Simba uliyekuwa ukimrushia vichwa vya samaki. Wamekufa tumbusi wawili. Watoto wanachota maji njia hiyohiyo. Chui hakufa, kwa sababu hakuna chui aliyekuja.

Sisemi kwamba chui hatuna. Tunao, na aliyepoteza mbuzi siwezi kumwambia asiogope. Marehemu mjomba, miaka yake ya uaskari wa wanyamapori kule Selous, kabla sehemu kubwa haijafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, alikuwa akituambia chui utamsikia kabla hujamwona: sauti kama ya mtu anayepasua mbao kwa msumeno wa mkono, unavutwa, unasukumwa, unavutwa. Mimi nimeisikia mara mbili maishani, na mara zote mbili niliingiza mbuzi ndani ya nyumba. Lakini kwa mondo funga vizuri banda la kuku, basi. Mondo huyo huyo ndiye anayekula panya wanaotoboa magunia yetu ya mahindi. Hilo Bi Fatu nimemweleza, akaniuliza kwa nini nilichelewa kumwambia. Sikuwa na jibu.

Halafu ikaja picha kwenye kundi la WhatsApp. "Chui aliyenaswa shambani Tandahimba." Labda na wewe umetumiwa. Niliikuza mpaka simu ikagoma: mnyama mzito, kichwa kipana, miguu mifupi minene, na ndani ya kila pete ya manyoya kuna vidoa vidogo. Chui wetu pete zake ni tupu katikati. Mwenye vidoa ndani ya pete ni jagwa, na jagwa makao yake ni Amerika, kuanzia Meksiko hadi Argentina. Aje Tandahimba kwa miguu? Niliandika hivyo. Nikajibiwa, mwalimu, chui ni chui. Usiku ule ndipo nilipokukumbuka, maana huku maneno hayashindi picha. Ila jagwa usimchore, tutawachanganya zaidi.

Nataka watatu kwenye ubao mmoja: chui, duma, mondo. Wote wamesimama ubavu, na ukubwa wao uendane na ukweli, hilo ndilo la kwanza. Chui dume hufika kilo 60, mondo mkubwa kabisa ni kama 18. Miguuni kwa chui weka mbuzi, kwa mondo weka kuku, macho yapate kipimo.

Madoa ya chui ya mwilini usiyajaze. Chovya ncha za vidole kwenye rangi nyeusi, bonyeza mara nne au tano kwa kuzunguka, katikati acha manyoya yenye rangi iliyokolea kidogo. Kichwani na miguuni ndipo yanapokuwa madoa mazima. Duma yeye ni doa jeusi zima, la mviringo, kama tone la wino, mwili wote. Kichwa kidogo, kiuno chembamba, miguu ya mkimbiaji. Na ana michirizi miwili myeusi inayotoka kwenye kona za ndani za macho mpaka mdomoni, kama mtu aliyelia akaacha machozi yakauke. Chui hana michirizi hiyo. Nisamehe nikisema, lakini yule chui uliyemchora kwenye ngalawa ya Hamisi pale Mikindani ana machozi. Nilimwona mwaka juzi nikanyamaza kwa sababu rangi zilikuwa nzuri mno. Safari hii sinyamazi.

Utaniuliza duma wa nini, wakati sijakutana na mzee hata mmoja huku aliyemwona. Duma anataka uwanda wa kukimbilia kama Serengeti, sisi tuna miombo na vichaka. Lakini nusu ya kijiji wakimwona chui wanasema duma, na mtu akienda kutoa taarifa kwa afisa wa wanyamapori nataka ataje jina lenyewe. Chini ya kila mnyama weka na unyayo wake. Chui na mondo hutembea wameficha kucha, unyayo unatoka safi. Duma kucha zake hazirudi zote ndani, zinachora mchangani, na za mbwa na fisi vilevile. Nimeitwa mara nne kuangalia nyayo za chui zenye kucha. Zote zilikuwa za mbwa, ya mwisho ya Simba mwenyewe, siku mbili kabla hajafa.

Nimeenda bondeni jana jioni na juzi, peke yangu. Yale maziwa hayanitoki akilini. Nilikaa mpaka giza likaingia, nikasikia kitu kinatambaa kwenye majani, kikanyamaza. Sikusogea. Hata kama ningewakuta, ningewalisha nini, na vijana wangewaacha?

Sasa niambie. Ubao wa futi nne kwa nane utadumu mvua za huku, au tutumie bati? Mchwa wa Liwale unawajua. Ile njano ya chui, inayoelekea kahawia mgongoni na kufifia tumboni, unaichanganyaje? Unaweza kumaliza kabla ya mwisho wa mwezi, nikulipe malipo ya korosho yakitoka, au unahitaji ya rangi mapema nikutumie kwa simu? Shemeji yako bado yuko Masasi? Huko wanapotoa taarifa ya chui wanafika haraka? Na ile picha, ulitumiwa? Uliwaambiaje watu?

Mwenyekiti amekubali bango likae ukutani mwa ofisi ya kijiji, upande wa kisimani.

Wako,
Selemani

N.B. Mondo mchore amegeuza kichwa kidogo, nyuma ya masikio ionekane. Meusi, na doa jeupe katikati.