Makala za safari zitaje saa: mfano wa Muscat

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme jambo moja kuhusu makala za matembezi ya nchi za nje zinazochapishwa katika magazeti yetu. Zinasifu mandhari na picha zake zinapendeza, lakini msafiri akizibeba hazimfai, kwa sababu hazitaji saa. Mji unaoidhihirisha kasoro hii ni Muscat, mji mkuu wa Oman, ambako watu wetu wa pwani huenda kwa wingi kuwazuru jamaa, kufanya biashara au kupumzika siku mbili tatu.

Muscat si mji wa kuzunguka kwa miguu. Umejinyoosha baina ya milima na bahari, na kutoka uwanja wa ndege hadi Mutrah, penye bandari ya zamani na soko, ni zaidi ya kilomita 30. Kila mahali pana saa zake, na ukikosea mpangilio wa asubuhi, siku nzima inaharibika.

Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, ndio wa kuanza nao. Asiye Mwislamu huruhusiwa kuutembelea Jumamosi hadi Alhamisi, kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi. Ijumaa hakuna matembezi. Mwislamu huingia kusali kama katika msikiti mwingine wowote. Anayefika saa 4 na nusu ameshachelewa, maana nusu saa iliyobaki itaishia langoni kwenye ukaguzi wa mavazi. Mwanamke anatakiwa afunike nywele zote, mikono hadi vifundo na miguu hadi vifundo, kwa nguo isiyobana wala kuonyesha mwili. Kinachowakwamisha dada zetu ni mikono. Leso au mtandio husitiri kichwa na mabega vizuri, lakini dera la mikono mifupi halipiti, na gauni la robo tatu pia hurudishwa. Baibui la kawaida linamaliza shida hiyo. Mwanamume avae suruali ndefu. Chukueni na soksi, kwa kuwa viatu huvuliwa na marumaru ya nje hushika moto mapema.

Zulia la ukumbi mkuu wa sala lina ukubwa wa mita za mraba 4,343 na uzito wa tani 21. Lilifumwa Iran kwa miaka minne, vipande vipande, kisha likaunganishwa humo humo ukumbini. Mgeni halikanyagi, hupita kwenye busati jembamba lililotandikwa juu yake. Thurea iliyo juu ya zulia hilo ina urefu wa mita 14, na huonekana vizuri zaidi ukiwa umesimama mbali kidogo kuliko ukiwa chini yake.

Kosa la pili, na hili huwapata hata wanaojiona wazoefu, ni kwenda soko la Mutrah adhuhuri. Maduka mengi hufungwa kuanzia kama saa 7 mchana na kufunguliwa tena saa 10 au 11 jioni. Ukifika katikati ya saa hizo utakuta vichochoro vyenye milango ya mbao iliyofungwa, na jua la nje, hasa kati ya Mei na Septemba, linaweza kupita nyuzi 40. Saa hizo ndizo za makumbusho. Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 2016, yako Muscat kongwe, yakitazamana na kasri ya Al Alam. Yatengeeni muda wa saa tatu, na msiyafanye mahali pa kujificha jua tu, kwani ndani mna sehemu kubwa ya historia yetu wenyewe ikisimuliwa kutoka ng'ambo ya pili ya bahari.

Mkitoka hapo, zungukeni kasri mpaka upande wa baharini. Mtaona ngome mbili juu ya miamba, Al Mirani na Al Jalali, zilizojengwa na Wareno miaka ya 1580. Mtu wa Mombasa atatambua mara moja anachokitazama: Wareno hao hao walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593. Waomani waliwatoa Muscat mwaka 1650, kisha wakawafuata hadi huku na kuiteka Fort Jesus mwaka 1698, baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Hata kwa kuzitazama kutoka nje, ngome hizi zinamfundisha mtoto wa shule ya pwani kuliko duka lolote kubwa la mjini. Inaudhi kuona familia zikimaliza siku nzima kwenye maduka yenye viyoyozi, wakati mahali hapa pako dakika kumi tu kwa gari kutoka Mutrah.

Jioni sasa ndiyo ya soko. Ubani ndio wa kununua, maana unatoka Dhofar, kusini mwa nchi hiyo hiyo, na hununuliwa kwa uzito. Daraja la juu huitwa hojari: mweupe unaoelekea kijani, unaopitisha mwanga ukiuinua kwenye taa. Wa rangi ya kahawia, wenye vumbi na vipande vya magamba, ni wa bei ya chini, na mgeni asiyejua huuziwa huo kwa bei ya ule. Muombe muuzaji achome kidogo mbele yako. Jambia la fedha na halua vitieni kwenye mzigo unaopita chini ya ndege. Jambia haliruhusiwi kabisa mkononi, na halua wakaguzi wanaweza kuihesabu pamoja na vitu vya majimaji.

Kuhusu pesa: riali moja ni kama dola 2.6 za Marekani, na hugawanyika katika baiza 1,000. Bei ya “5” isikudanganye ukaiona ndogo. Hiyo ni dola 13. Mabasi mekundu ya Mwasalat ndiyo nafuu. Namba 1 hufuata barabara kuu ya Sultan Qaboos hadi Ruwi, na namba 4 hutoka Ruwi kwenda Mutrah na Muscat kongwe. Teksi ni nyeupe zenye rangi ya chungwa. Kama huna programu ya kuitia gari kwenye simu, patana bei kabla ya kufunga mlango. Kazi ya udereva wa teksi ni ya raia wa Oman pekee, kwa hiyo haishangazi kupata mzee aliyezaliwa Unguja akakujibu kwa Kiswahili safi. Muamkie kama unavyomwamkia mzee wa kwenu. Habari za Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 mwachie yeye azianzishe akitaka, kwa sababu kwa wengi wao si maneno ya kupitishia safari.

Anayetaka maonyesho ya usiku, Nyumba ya Opera ya Kifalme ilifunguliwa Oktoba 2011 na hupumzika miezi ya joto kali. Jinzi, fulana na raba hazipiti mlangoni. Tiketi ikiandikwa 19:30, hiyo ni saa 1 na nusu usiku. Anayechelewa hungoja nje hadi pengo la kwanza la maonyesho.

Ijumaa ihesabiwe kando. Asubuhi mji umelala, soko limefungwa, na shughuli hurudi baada ya sala, nyingine jioni tu. Mwenye Ijumaa peke yake mjini aende kando ya bahari Mutrah saa 11 jioni, kisha aingie sokoni baada ya magharibi. Mwezi wa Ramadhani kula, kunywa au kuvuta sigara hadharani mchana kumekatazwa kwa kila mtu, mgeni na mwenyeji, Mwislamu na asiye Mwislamu.

Ninachoomba, Mhariri, ni kwamba chini ya kila makala ya safari pawekwe mistari minne: siku na saa za kufungua, mavazi, usafiri wa kufika, na siku ambayo mtu asiende. Mwandishi aliyefika mahali hapo anayajua hayo yote tayari, na nafasi yake ni ndogo kuliko ile mnayoipa picha ya machweo.

Mwandaaji wa safari,
Mombasa