YAH: TAA ZENU ZA DISKI GOFU YA USIKU ZINAZOFUNGUKA ZENYEWE, NA KICHEKO NILICHOKISIKIA KWENYE SIMU

Kwako Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Salaam. Naandika kwa heshima, na kwa heshima hiyo hiyo naomba barua hii isomwe na mtu mwenye mamlaka, isirudishwe kwa yule niliyeongea naye Jumanne, maana nikiisikia tena ile sauti sijui kama heshima itabaki.

Oda yangu mnayo kwenye kompyuta zenu, masharti ya waranti mmeandika wenyewe, sina haja ya kuwasomea. Nilichukua seti nzima ya diski gofu ya usiku, ule mchezo wa kurusha diski mpaka iingie kwenye kikapu chenye minyororo: taa 12 za kubandika chini ya diski, tochi ya UV (mwanga wa urujuanimno wa kuchaji diski zinazong'aa gizani) na taa ya kikapu. Kwenye zile taa 12, 7 zimekufa ndani ya usiku 2. Saba. Na hazijafa kwa betri kuisha, zimekufa kwa sababu kifuniko cha betri kinafunguka diski ikigonga mti, ikigonga minyororo ya kikapu, hata ikitua tu kwenye nyasi kwa ubavu. Diski gofu ni mchezo wa kugonga vitu jamani, lengo lenyewe ni minyororo ya chuma, sasa taa isiyohimili kugonga mnamuuzia nani?

Jumanne jioni mhudumu wenu alitaka nipige simu nikiwa na taa yenyewe mkononi ili nimsomee namba iliyochapwa nyuma, nikapiga nikiwa palepale uwanjani. Mkono mmoja nimeshika diski, mwingine tochi, simu kanishikia binti yangu wa miaka 9, spika imewashwa. Nikawa namweleza kwamba kifuniko kimeruka, betri imedondoka kwenye nyasi na binti yangu ndo aliyeiokota. Sijamaliza akasema subiri kidogo. Hakukata sauti upande wake. Tukamsikia anamwita mwenzie, "njoo umsikie huyu, mtu mzima anarusha visahani gizani halafu analia taa imezimika," wakacheka, wawili, kwa sauti, na mtoto wangu kashika simu anasikiliza. Halafu akarudi hewani kama hakuna kitu na kuniambia shauri langu limefungwa kama "matumizi yasiyo sahihi".

Matumizi yasiyo sahihi. Haya, ngoja niwaeleze nilivyotumia. Nilifuta diski kwa spiriti kwanza ili mafuta ya mikono yatoke na selotepu ishike, nikaibandika taa upande wa chini katikati kabisa, maana ikikaa pembeni diski inayumba hewani, nikapitisha vipande 2 vya selotepu angavu ile pana kwa kupishana kama msalaba, nikavikandamiza kwa kidole gumba mpaka hewa yote ikatoka. Nikachagua diski nyepesi kidogo kuliko ninayorusha mchana kwa sababu najua taa inaongeza uzito na diski inashuka mapema. Na hapo kwenye uzito pia kuna neno, boksi lenu limeandikwa gramu 5, mi nimepima kwenye mizani ya jikoni nimekuta 9. Kwenye diski ya gramu 175 tofauti hiyo mkono unaisikia kabisa.

Sijaanza mchezo huu jana. Tukicheza usiku huwa tunamtuma mmoja wetu asimame mbele pembeni aangalie diski inapotua, tunaweka taa kwenye kikapu chini ya mkanda wa juu ili minyororo ndo ing'ae na mwanga usimpige mrushaji machoni, na hakuna anayerusha mpaka aliye mbele ajibu kwa sauti. Kwa hiyo mtu asiniambie sijui kubandika taa.

Jumamosi, hii ni kabla ya simu, ndo tulipoteza diski 3 kwa mpigo. Shimo la nne, yaani kikapu cha nne, naona taa ya kijani inakwenda vizuri, imegonga tawi, giza. Kanuni za PDGA, chama cha wachezaji wa diski gofu, zinakupa dakika 3 za kutafuta, zikipita diski imepotea na unaongezewa pigo 1 la adhabu, lakini mi pigo silii nalo, tulitafuta nusu saa na hatukuipata mpaka leo. Ilikuwa diski niliyoizoea miaka, ya kwangu ya kuanzia shimo. Taa tuliyonunua ili tusipoteze diski ndiyo iliyotupotezea. Ya pili ikaenda vivyo hivyo, ya tatu nikaikuta asubuhi imekanyagwa imepasuka.

Tochi ya UV nayo. Diski zinazong'aa gizani zinatakiwa zichajiwe kwa sekunde chache tu ukiwa na tochi ya kweli, mwenzangu anayo ya nanomita 395 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), anamulika unahesabu mpaka tano diski inawaka. Ya kwenu nashikilia dakika nzima inatoa rangi ya zambarau tu na diski inabaki hafifu, ukirusha haijafika nusu ya njia huioni. Boksi halina hata namba ya nanomita. Na halina onyo la kutomulika machoni wakati kila mtu anayetengeneza tochi za UV anajua mwanga ule unaumiza macho, na watoto wakishika tochi kitu cha kwanza ni kumulikana usoni.

Taa ya kikapu, kitufe cha mwanga mwekundu hakifanyi kazi, unabaki mweupe tu. Macho yanahitaji kama dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza vizuri, mwekundu hauyasumbui sana, huo mweupe unayavuruga papo hapo, ukigeuka kutoka kwenye kikapu huoni njia wala mizizi. Mwenzetu mmoja alijikwaa akachubuka goti kwa sababu hiyo. Nilimwambia mhudumu, akasema tutumie tochi za kichwani. Tunazo! Ndo zinazotusaidia kurudi nyumbani, siyo bidhaa zenu.

Lakini narudi kwenye Jumanne, maana naona hata hapa nimeielezea harakaharaka na haistahili kupitwa.

Wakati yule anasema subiri kidogo, mi sentensi ilikuwa bado mdomoni. Nilikuwa namwambia kwamba betri iliyodondoka ni ile bapa ya duara, CR2032, milimita 20, na kwamba mdogo wake na huyu binti ana miaka 2 na alikuwa amekaa kwenye nyasi hizohizo, na huyo mdogo kila kitu anapeleka mdomoni. Betri ile mtoto akiimeza ikakwama kooni inachoma nyama za ndani kwa umeme wake, ndani ya saa 2 tu inaweza kuwa imeshatoboa, hata kama imechoka haiwashi tena taa. Hicho ndicho nilichokuwa naripoti. Sikuwa nalia taa imezimika. Nilikuwa nawaambia bidhaa yenu inamwaga betri kwenye nyasi ambako watoto wanacheza, na mhudumu wenu akamwita mwenzie aje acheke. Nikasikia kiti kinaburutwa, yaani yule mwenzie alinyanyuka kabisa kuja kusikiliza, nikasikia "visahani" ikirudiwa mara ya pili, na kicheko. Binti yangu akaniuliza, "baba, wanakucheka wewe?" Sikuwa na jibu. Yeye ndiye aliyekuwa amekaa kimya na ile betri kwenye kiganja cha mkono wa pili, amenitunzia, kwa sababu nilimwambia asiiache chini. Mtoto wa miaka 9 aliielewa hatari ile kuliko kitengo chenu kizima.

Na baada ya hapo mwataka nijaze fomu ya kupima huduma kwa nyota. Mmenitumia meseji mara 2.

Kifuniko cha betri kama zile kinatakiwa kifungwe kwa skrubu au kiwe hakifunguki kirahisi kwa mtoto, Marekani walishaweka sheria ya hilo mwaka 2022 kwa sababu watoto walikufa. Cha kwenu ni kipande cha plastiki kinachobanwa kwa kidole, bila skrubu. Hata gundi hamna.

Ninachotaka. Nikianza kuandika nilikuwa nataka pesa yangu ya taa 7 tu. Sasa nataka pesa ya seti yote, taa 12, tochi na ya kikapu, pamoja na gharama ya kurudisha vilivyobaki. Nataka na fidia ya diski 3, maana zimepotea kwa kasoro yenu. Nataka shauri langu lifunguliwe upya na yale maneno "matumizi yasiyo sahihi" yafutwe kwenye rekodi. Nataka barua ya kuomba radhi, na isiandikwe kwangu, iandikwe kwa binti yangu, kwa lugha mtoto anayoielewa, na isainiwe na wewe meneja, siyo kompyuta. Rekodi ya simu ya Jumanne mnayo kwa sababu mwanzoni mnasema wenyewe simu zinarekodiwa, isikilize kabla hujanijibu na isifutwe, nikisikia imefutwa nitachukulia mmefuta ushahidi.

Na mwisho, taa hizo zitolewe sokoni na kila aliyezinunua apewe taarifa kuhusu betri. Hili sijadiliani. Nawapa siku 14. Zikipita kimya, barua hii na video ya vifuniko vikifunguka vinakwenda kwa mamlaka ya kulinda walaji na kwa wanaokagua ubora wa bidhaa, na kila kundi la wachezaji wa usiku ninalolijua litaziona, tuko wengi na tunaongea. Mwanasheria nimeshaongea naye.

Zile taa zilizokufa ambazo bado ninazo na ile betri aliyookota mwanangu nimezifunga kwenye mfuko na kuandika tarehe. Msitume gari kuja kuzichukua, zitatoka kwangu kwenda kwa wakaguzi tu.

Ni mimi,
mteja wenu wa Jumanne