Matone ya macho yaliyobaki: kwa nini usiyarudie

"Matone haya nilipewa mwezi uliopita yakanisaidia. Jicho limekuwa jekundu tena, nitumie yaliyobaki?" Tunaulizwa hivi mara nyingi kwenye dirisha la dawa, na jibu letu huwa hapana, hata chupa ikiwa bado imejaa.

Soma lebo kwanza. Jina la dawa likiishia na "sone" au "lone", kama deksamethasone au prednisolone, na pembeni yake kuna tobramaisini, neomaisini au kloramfenikoli, basi umeshika dawa mbili ndani ya chupa moja. Antibayotiki (hiyo tobramaisini au wenzake) inashughulika na bakteria. Steroidi (hiyo ya "sone" au "lone") inatuliza uvimbe na wekundu, na hapo ndipo penye mtego: jicho hutulia na kuwa jeupe hata kama kilicholiumiza bado kimo ndani. Wekundu ukiletwa na kirusi cha herpesi, ndugu wa kile kinachotoa malengelenge mdomoni, steroidi hupunguza kinga ya jicho na kidonda kwenye konea (kioo cha mbele cha jicho) hutanuka. Fangasi nao hufaidika vivyo hivyo, hasa jicho likiwa limechomwa na jani au kijiti. Antibayotiki iliyomo haiui kirusi wala fangasi. Ndiyo maana daktari hulimulika jicho kwa mashine kabla ya kuandika dawa hii.

Ukiandikiwa, nawa mikono na uvue lenzi kama unavaa. Chupa nyingi za aina hii hutuamisha dawa chini, kwa hiyo tikisa vizuri, la sivyo siku za mwanzo utapata maji na za mwisho dawa kali. Inamisha kichwa nyuma, vuta kope ya chini itengeneze kimfuko, dondosha tone moja humo bila ncha ya chupa kugusa kope wala ngozi. Moja linatosha, jicho halina nafasi ya la pili, litamwagika shavuni tu. Fumba polepole bila kupepesa, kisha bana kwa kidole kona ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika moja au mbili. Ukiacha hatua hii, dawa hushuka kooni (ule uchungu unaousikia ulimini ndio huo). Una matone mengine? Subiri dakika 5. Mafuta ya macho yawe ya mwisho.

Fuata siku ulizoandikiwa. Matumizi yakifika siku 10 au zaidi, presha ya jicho ipimwe, kwa sababu steroidi huweza kuipandisha bila maumivu yoyote, na mshipa wa kuonea ukiharibika haurudi. Miezi mingi ya matumizi huleta pia mtoto wa jicho. Aliyetumia kwa wiki kadhaa asiache ghafla. Daktari humpunguzia kidogo kidogo, vinginevyo uvimbe hurudi.

Kope zikianza kuwasha na kuvimba zaidi baada ya siku chache, huenda ni mzio, na neomaisini inajulikana kwa hilo. Acha dawa, rudi kwa aliyekuandikia.

Andika tarehe ya kufungua kwenye chupa. Nyingi hutupwa siku 28 baadaye, hata zikibaki na dawa. Jicho likiuma, likiogopa mwanga au likianza kuona ukungu, muone daktari wa macho siku hiyohiyo, na uende na chupa uliyokuwa ukitumia.